Magonjwa ya damu na matibabu ya kibingwa Nyanda za Juu Kusini: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya nimeyaokota kwenye mabenchi ya kliniki, ndani ya mabasi ya kwenda Dar es Salaam, na kwenye simu ninazopigiwa usiku na wazazi wenzangu wa Mbeya, Songwe, Njombe na Iringa. Mimi si daktari. Ni mama wa kijana mwenye sikoseli, na miaka kumi na mitatu ya kukaa wodini imenifundisha yapi hurudi kila juma. Soma upate kuelewa na ujue cha kuuliza. Dozi na uamuzi wa tiba mwachie daktari anayemwona mgonjwa wako.

## 1. Kuufahamu ugonjwa

Magonjwa ya damu ni yapi?

Damu ina seli nyekundu zinazobeba oksijeni, seli nyeupe zinazopambana na maradhi, chembe sahani zinazoziba jeraha, na majimaji yenye protini za kugandisha damu. Kimojawapo kikiharibika, huo ni ugonjwa wa damu. Huku kwetu unaosikika zaidi ni sikoseli, ambayo vitabu huiita selimundu kwa kuwa seli nyekundu hujikunja zikawa na umbo la mundu. Ipo pia hemofilia, ambapo damu haigandi inavyopaswa. Ipo thalasemia, ugonjwa mwingine wa kurithi wa seli nyekundu, upo ugonjwa wa chembe sahani kushuka, na zipo saratani za damu: lukemia, limfoma na mieloma.

Nimeambiwa "damu imepungua" nikapewa vidonge. Si inatosha?

Haitoshi. Kupungukiwa damu ni dalili, kama homa ilivyo dalili. Inaweza kuletwa na ukosefu wa madini ya chuma, safura, hedhi nyingi, vidonda vya tumbo vinavyovuja taratibu, malaria, ujauzito, figo, sikoseli au uloto, yaani ute wa ndani ya mifupa, ulioshindwa kutengeneza damu. Kila sababu ina tiba yake. Mama anayetamani kula udongo mara nyingi anakosa chuma, na huyo vidonge vitamsaidia. Mwenye vidonda vya tumbo atakunywa vidonge mwaka mzima huku damu ikiendelea kuvuja.

Mwanangu aliandikiwa vidonge vya kuongeza damu mara tatu kabla hajatimiza miaka miwili, katika vituo vitatu tofauti. Macho yake yalikuwa ya njano na vidole vimevimba. Hakuna aliyeuliza damu inakwenda wapi, na mimi sikujua kuwa nina haki ya kuuliza. Kwa hiyo nakuomba uulize: "Daktari, kwa nini imepungua?" Na uombe kipimo cha picha kamili ya damu, ambacho hospitali zote hukiita FBP. Kinaonyesha seli nyekundu, nyeupe na chembe sahani kwa pamoja, na mara nyingi ndicho kinachomfumbua daktari macho.

Sikoseli inatoka wapi? Ni kurogwa? Ni damu zetu kutopatana?

Inarithiwa. Kila mtu ana vinasaba viwili vya himoglobini, ile protini ya seli nyekundu inayobeba oksijeni, kimoja cha baba na kimoja cha mama. Asiye na tatizo huandikwa AA. Aliyebeba kinasaba kimoja cha sikoseli huandikwa AS. Mwenye viwili ni SS, na huyo ndiye mgonjwa. Baba AS na mama AS, katika kila mimba, wana nafasi moja kati ya nne ya kupata mtoto SS. Nasisitiza: kila mimba. Kupata mgonjwa mmoja hakumaanishi watatu wanaofuata wako salama. Najua familia yenye watoto wawili SS mfululizo, na nyingine yenye watano bila hata mmoja. Kundi la damu, lile la A, B na O, halihusiki kabisa.

Kinasaba hiki kimeenea kwetu kwa sababu ya malaria. Mwaka 1954 mtafiti Anthony Allison, akifanya kazi Afrika Mashariki, alionyesha kwamba watu wa AS hawauawi kirahisi na malaria, hasa utotoni. Ndiyo maana kwa asili yake kilishamiri kwenye nchi za joto na mbu, kama ukanda wa Ziwa Nyasa, kuliko kwenye baridi ya Makete. Lakini watu wamehama, wameoana, wamefuata kazi. Usikubali kuambiwa "huku milimani hakuna sikoseli". Tanzania inakadiriwa kupata watoto wapatao 11,000 wenye sikoseli kila mwaka, na baadhi yao wanazaliwa Njombe na Mafinga.

Mwenye AS ni mgonjwa?

Hapana. Anaishi, anafanya kazi na anazaa kama wengine. Ajue tu hali yake kabla ya kupata watoto (tazama sehemu ya 7), asikimbie au kubeba mizigo mizito akiwa amekaukiwa maji, na akipata maumivu makali ya ubavu wa kushoto akiwa juu sana mlimani ashuke na aende hospitali. Bandama inaweza kuumia kwa uhaba wa oksijeni. Ni nadra, ila imewahi kuwapata watu.

## 2. Vipimo

Kipimo gani kinathibitisha sikoseli?

Hapa ndipo wengi wanapopotea, basi nitakaa kidogo. Kipo kipimo rahisi kinachofanyika hata hospitali ndogo: damu huchanganywa na dawa, halafu wanaangalia kama seli zinajikunja au maji yanakuwa na ukungu. Kikisema "chanya", maana yake kinasaba cha S kipo. Hakisemi kama ni AS au SS. Nimekutana na mama aliyelia wiki nzima kwa jibu hilo, kumbe mwanawe ni AS. Na nimekutana na baba aliyeambiwa "ana vinasaba tu" akarudi nyumbani ametulia, kumbe mtoto ni SS.

Kinachotenganisha ni kipimo cha kuchambua aina za himoglobini, ambacho maabara huita elektroforesisi au HPLC. Siku hizi vipo pia vipimo vya haraka, tone moja la kidole, vinavyotofautisha AA, AS na SS kwa dakika chache. Kwa hiyo jibu lako liwe na herufi mbili. Ukipewa neno "chanya" peke yake, hujamaliza kupima.

Mtoto wa chini ya miezi sita asipimwe kwa kile kipimo rahisi. Bado ana himoglobini nyingi aliyotoka nayo tumboni mwa mama, na jibu linaweza kuja "hasi" la uongo. Himoglobini hiyo ndiyo inayomkinga, na inapopungua dalili huanza: vidole vya mikono na miguu kuvimba, kulia bila kunyamaza, macho ya njano.

Mtoto aliongezewa damu, kisha majibu yakaja AS. Niyaamini?

Usiyaamini bado. Ukimpima mtoto SS siku chache baada ya kuongezewa damu, maabara inasoma damu yake na ya mchangiaji kwa pamoja, na jibu linafanana na AS. Subiri miezi mitatu tangu chupa ya mwisho, au damu ya kipimo ichukuliwe kabla ya kumwongezea. Kama hali ni ya dharura na wewe ndiye unayekumbuka, mwambie muuguzi: "Tafadhali, toa sampuli kwanza."

Daktari anataka kumchoma sindano kwenye nyonga. Si atapooza?

Hatapooza. Hiyo ni sampuli ya uloto, inayotolewa nyuma ya mfupa wa nyonga, mbali na uti wa mgongo. Anachomwa dawa ya ganzi, anaumia kwa muda mfupi. Ndicho kipimo kinachoonyesha kiwanda chenyewe cha damu, na bila hicho aina nyingi za lukemia haziwezi kupangiwa tiba.

## 3. Kumfikia bingwa

Nianzie wapi?

Anzia karibu. Njia ya rufaa inatoka zahanati, kituo cha afya, hospitali ya wilaya, hospitali ya rufaa ya mkoa, kisha Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya, ambayo inahudumia mikoa ya Nyanda za Juu Kusini, halafu hospitali ya taifa, Muhimbili, Dar es Salaam. Zipo pia hospitali za mashirika ya dini ambazo watu wetu wanazitegemea miaka mingi, kama Ikonda kule Makete na Tosamaganga kwa Iringa. Dharura haisubiri ngazi: mtoto mwenye dalili za hatari (swali la dalili, sehemu ya 4) mpeleke hospitali yoyote iliyo karibu yenye damu na daktari.

Ukifika hospitali kubwa ulizia ni kliniki ipi inayowaona wenye magonjwa ya damu, na ni siku gani. Watoto huonwa na bingwa wa watoto, watu wazima na bingwa wa magonjwa ya ndani, na hao ndio wanaoamua kama unahitaji bingwa wa damu hasa, yaani mtaalamu wa hematolojia. Ukikaa foleni ya jumla utaonwa, ila utaonwa na mtu tofauti kila mara, na ugonjwa wa damu unahitaji mtu anayekumbuka mara ya mwisho ulikuwaje.

Ni lazima niende Muhimbili?

Si kila mgonjwa. Mwenye sikoseli aliyetulia anaweza kufuatiliwa mkoani kwake maisha yake yote. Safari ya Mbeya hadi Dar es Salaam inapita kilometa 800, na mtoto aliyekaa kwenye kiti cha basi mchana kutwa, amebana mkojo na hajanywa maji, anaweza kufika akiwa amebanwa na maumivu. Nenda pale unapohitaji kitu ambacho huku hakipo: kipimo maalumu, dawa za hemofilia, tiba ya saratani ya damu, au uamuzi wa kupandikizwa uloto. Na kwa uloto, Dodoma nako kuna njia (tazama sehemu ya 7). Toka Mbeya unapita Iringa kisha Mtera, na huna haja ya kufika Dar.

Ukisafiri, mnyweshe maji hata kama itabidi umwombe dereva asimame. Beba sweta, maana alfajiri ya Makambako si ya mchezo.

Nibebe nini?

Barua ya rufaa, kadi ya bima, na daftari. Daftari ndilo muhimu kuliko yote. Andika kila kulazwa, kila chupa ya damu na tarehe yake, kila kiwango cha damu, kila dawa na dozi yake. Hospitali zinabadilisha mifumo, mafaili yanapotea, lakini daftari langu la mwaka wa kwanza ninalo hadi leo, na limewahi kumzuia daktari mgeni asimpe mwanangu dawa iliyomdhuru zamani. Andika pia kiwango cha damu cha kawaida cha mgonjwa wako akiwa mzima. SS wengi hukaa kwenye 7 au 8 na wako sawa. Asiyejua hilo atataka kumwongezea damu bila sababu.

Gharama je, kama sina bima?

Kwa sera ya msamaha, watoto wa chini ya miaka mitano, wajawazito na wazee wasiojiweza wanapaswa kutibiwa bila malipo kwenye vituo vya serikali. Ukweli ni kwamba dawa ikikosekana dirishani utaandikiwa ukanunue nje. Kila hospitali ya rufaa ina ofisi ya ustawi wa jamii. Nenda kabla deni halijawa kubwa, ukiwa na barua ya serikali ya mtaa au kijiji, useme hali yako bila aibu. Na kama unaweza kukata bima, ikate familia ikiwa nzima. Ugonjwa huu ni wa maisha, na kliniki, vipimo na dawa za kila mwezi ndivyo vinavyokula fedha kuliko kulazwa.

## 4. Kuishi na sikoseli kwenye nchi ya baridi

Baridi ya huku inamdhuru kweli, au ni maneno?

Inamdhuru. Mwili ukipoa, mishipa midogo ya damu hujibana, na seli zilizokwisha jikunja hunasa. Oksijeni haifiki, mfupa unalia. Jiji la Mbeya lipo mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, na Kitulo inapita 2,600. Juni mpaka Agosti ni miezi ambayo simu yangu hailali.

Tunachofanya kwetu ni hiki. Soksi na kofia vinavaliwa kabla ya kutoka kitandani. Kuoga ni kwa maji ya vuguvugu, mchana jua likiwepo, na mtu anajifuta papo hapo. Nguo zilizoloa mvua zinavuliwa mlangoni. Jiko la mkaa haliingizwi chumbani kulikofungwa, hata baridi iwe kali vipi, kwa sababu moshi wake usioonekana unaua watu wazima wenye damu nzuri, sembuse mtoto mwenye upungufu. Chupa ya maji ya moto iliyofungwa kitambaa inatosha kupasha kitanda.

Wengine huniuliza kama wahamie Kyela kwenye joto. Joto linasaidia maumivu, lakini kule malaria ni kali, na malaria ni miongoni mwa vinavyoua watoto wa SS kwa haraka. AS anakingwa kiasi, SS hakingwi hivyo. Ukienda kumtembelea bibi Kyela au Usangu, chandarua chenye dawa kiwe kwenye begi kabla ya nguo, na muulize daktari kuhusu dawa ya kinga.

Ale nini? Juisi ya rozela na majani mekundu yanaongeza damu?

Chakula cha kawaida kinatosha: maharage, mboga za majani, mayai, dagaa, matunda, maziwa. Rozela ni kinywaji kizuri na maji yake yanasaidia, ila tatizo la SS haliko kwenye chakula. Seli ya kawaida huishi siku zipatazo 120, yake inaishi kati ya 10 na 20. Ndiyo maana anapewa vitamini ya foliki, ili uloto uweze kutengeneza nyingine kwa kasi.

Vidonge vyenye chuma asipewe mpaka kipimo kionyeshe kuwa anakosa chuma. Seli zinazovunjika huacha chuma mwilini, na kila chupa ya damu inaongeza. Kikizidi kinakaa kwenye ini na moyo. Angalia pakiti: vidonge vinavyotolewa kliniki ya wajawazito vina foliki na chuma pamoja. Wewe unataka foliki peke yake.

Kuhusu ulanzi, kimpumu na bia: pombe inakausha maji mwilini, na kukaukiwa maji kunaleta maumivu. Vijana wa Iringa wananiuliza sana hili msimu wa ulanzi, na jibu langu halijabadilika. Kunywa maji.

Akibanwa na maumivu nyumbani nifanye nini?

Maji mengi, joto, panado kwa dozi ya uzito wake, na ukae naye. Kumkanda taratibu kunasaidia, barafu hapana. Yasipotulia ndani ya saa chache, au yakiwa kifuani, nenda hospitali. Wapo wenye SS wanaohitaji morfini, na kuhitaji morfini si ulevi. Mwanangu amewahi kuambiwa na mhudumu kuwa "anajidekeza". Maumivu haya hayaonekani kwenye kipimo chochote, na mtu asiyelia huenda amechoka kulia.

Dalili zipi ni za kukimbia usiku huohuo?

Homa ya nyuzi 38.5 au zaidi. Nunua kipimajoto, usipime kwa mkono. Bandama ya mwenye SS huacha kufanya kazi mapema, na wadudu wa nimonia wanaweza kumuua ndani ya saa chache. Ndiyo sababu ya penisilini mara mbili kila siku hadi miaka mitano, na ya kutokosa chanjo hata moja.

Tumbo kuvimba ghafla upande wa kushoto huku mtoto akipauka: damu imejaa kwenye bandama. Mwombe muuguzi akufundishe kuipapasa. Mimi nilifundishwa kwa dakika tano na niliitumia miezi minne baadaye.

Kupumua kwa shida au maumivu ya kifua. Mdomo kwenda upande, mkono kulegea, maneno kukwama, degedege: kiharusi, hata kwa mtoto wa miaka minne. Hospitali kubwa zina ultrasaundi ya mishipa ya kichwa inayotabiri nani yuko hatarini, hasa kati ya miaka 2 na 16. Iulizie.

Na hili kina baba wawaambie vijana wao, maana kwetu sisi kina mama hawasemi: uume kusimama wenyewe bila kulala, na kuuma, ukidumu kwa muda unaozidi saa nne ni dharura. Kijana akinyamaza kwa aibu anaweza kupoteza nguvu zake za kiume moja kwa moja.

Haidroksiurea ni dawa ya saratani. Kwa nini mtoto wangu apewe?

Ni kweli hutumika pia kwenye baadhi ya saratani. Kwa sikoseli inatumika kwa dozi ndogo, kwa sababu inaurudisha mwili utengeneze ile himoglobini ya tumboni mwa mama inayozuia seli kujikunja. Utafiti uliofanyika Angola, Kongo, Kenya na Uganda, ukachapishwa mwaka 2019, ulionyesha kuwa watoto wa Afrika walioitumia walipata maumivu machache, malaria chache, waliongezewa damu mara chache na vifo vilipungua. Hiyo ni habari kubwa kwetu, kwa sababu ilikuwa inahofiwa kuwa kwenye nchi zenye malaria ingeweza kudhuru.

Masharti yake ni mawili. Inywewe kila siku, hata anapokuwa mzima, na matokeo yanasubiriwa kwa miezi. Na FBP ipimwe mara kwa mara, kwa kuwa inaweza kushusha seli nyeupe. Anayenunua dawa bila kupima anacheza na hatari. Mwanangu alikuwa analazwa kila mwezi wa baridi. Sasa hata mwaka unapita.

Shule ya bweni inawezekana?

Inawezekana, ikiwa mwalimu mkuu, matroni na mwalimu wa michezo wamekaa nawe mezani wakiwa na barua ya daktari. Barua iseme wazi: asikimbizwe mchakamchaka wa alfajiri, aoge maji ya moto, awe na chupa ya maji darasani, aruhusiwe kwenda chooni anapotaka (figo za SS hazishikilii maji, wengine hukojoa kitandani wakiwa wakubwa), asichapwe viboko, na akisema anaumwa aaminiwe. Acha namba yako na ya daktari. Kwa shule za Makete na Njombe mjini mimi ningefikiria mara mbili kabla ya kidato cha kwanza.

## 5. Kuongezewa damu

Nimeambiwa nilete ndugu wachangie. Ni lazima? Damu inauzwa?

Damu haiuzwi, na ukidaiwa fedha ya chupa toa taarifa kwa uongozi wa hospitali. Mpango wa Taifa wa Damu Salama una kituo cha kanda Mbeya, ila akiba hupungua, hasa shule zikifungwa, maana wanafunzi ndio wachangiaji wakubwa. Ndugu wanaombwa warudishe kilichotumika, na hiyo ni haki. Mchangiaji awe na miaka 18 hadi 65, uzito usiopungua kilo 50, mwanaume kila baada ya miezi mitatu na mwanamke minne.

Mwenye sikoseli asiongezewe kwa sababu tu namba ni ndogo. Mwili unaweza kuanza kuzikataa damu za watu, na siku ya shida kweli ikakosekana inayomfaa. Uliza namba yake ya kawaida ni ngapi (ndiyo ile ya kwenye daftari, sehemu ya 3).

## 6. Damu isiyoganda, na saratani za damu

Kijana alitahiriwa, damu ikatoka siku tatu. Ni hemofilia?

Inawezekana, na apimwe kabla hajatobolewa kitu kingine. Hemofilia A humpata mvulana mmoja hivi kati ya 5,000, na tangu kampeni za tohara zifike Iringa, Njombe na Mbeya, kisu ndicho kinachowafichua baadhi yao. Dalili za nyuma huwa zipo: goti lililovimba bila kuanguka, mabaka meusi alipoanza kutambaa, jino lililotoka damu usiku kucha, mjomba wa upande wa mama aliyefariki kwa kutokwa damu. Theluthi moja hawana historia yoyote katika ukoo.

Mwenye hemofilia asichomwe sindano za msuli, asipewe aspirini wala diklofenaki, asichanjwe chale. Goti likivimba, apumzike, barafu iliyofungwa kitambaa (hapa barafu inafaa, tofauti na sikoseli), na aende hospitali. Tiba yake ni protini inayokosekana, faktari 8 au 9. Ni ghali, na sehemu kubwa inayofika nchini ni msaada wa Shirikisho la Hemofilia Duniani. Ili mgao ukufikie lazima uwe umeandikishwa, kwa hiyo safari ya kwanza ya Muhimbili usiiahirishe.

Nitajuaje kama ni lukemia?

Hutajua kwa macho. Ila mtu aliyetibiwa malaria mara tatu bila nafuu, anapauka, fizi zinatoka damu, ana mabaka ya damu chini ya ngozi, mitoki imevimba, apimwe FBP wiki hiyo. Kwa watoto, taya linalovimba haraka na meno kulegea linaweza kuwa limfoma ya Burkitt, aliyoieleza daktari Denis Burkitt akiwa Uganda mwaka 1958. Watoto wengi hung'olewa meno kwanza. Saratani hii hukua kwa siku, lakini hujibu dawa vizuri ikiwahiwa.

Lukemia sugu ya aina moja, CML, inatibiwa kwa kidonge cha imatinibu kila siku, na watu wanaishi nayo miaka mingi wakilima na kulea. Kosa ninaloliona ni kuacha dawa kwa sababu "nimepona".

## 7. Maswali magumu

Tunapendana, wote ni AS. Tuachane?

Hilo ni lenu. Makanisa mengi huomba kipimo cha VVU kabla ya ndoa, na mimi natamani herufi hizi mbili ziulizwe siku hiyohiyo, mapema, kabla ya mahari na kadi za mchango. Nafasi ni ile ya sehemu ya 1. Wapo waliooana wakijua, wakampima kila mtoto akizaliwa na kuanza penisilini mapema, na watoto wao wanaenda shule.

Mtoto ni SS, mimi AS, baba amepimwa AA. Ndoa inavunjika.

Simamisheni maneno kwanza. Rudieni vipimo vyote vitatu kwa elektroforesisi au HPLC, maabara kubwa. Huenda baba alipimwa kwa kipimo rahisi, au aliongezewa damu, au ana thalasemia iliyofichika ambayo ikiungana na S humfanya mtoto aonekane SS. Nimeona nyumba ikibomoka kwa karatasi iliyoandikwa vibaya.

Mwanamke mwenye SS anaweza kuzaa?

Anaweza, na wapo wengi. Amwone daktari kabla ya kushika mimba, kwa kuwa haidroksiurea inapaswa kuachwa. Kliniki iwe ya hospitali tangu mwezi wa kwanza wa mimba, na asijifungulie nyumbani wala zahanati. Kwa Mbeya, Hospitali ya Wazazi Meta ndiyo mahali pa kuelekea.

Inapona?

Kwa kupandikizwa uloto, ndiyo. Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, ilianza kuwapandikiza watoto wenye sikoseli mwaka 2023. Anahitajika ndugu wa baba mmoja na mama mmoja anayelingana naye, na kila ndugu ana nafasi moja kati ya nne. Tiba ina hatari zake na si kila mgonjwa anafaa. Tiba ya kurekebisha vinasaba iliyoidhinishwa Uingereza na Marekani mwaka 2023 inauzwa kwa zaidi ya dola milioni mbili kwa mtu mmoja. Anayekuambia ana mizizi inayoponya, mwombe herufi mbili za mgonjwa wake kabla na baada. Bado sijaonyeshwa.

Mtoto wetu wa kwanza alifariki bila kupimwa. Tuwapime waliobaki?

Poleni sana. Ndiyo, wapimeni wote, hata yule mnene anayecheza mpira, na ninyi wazazi pia. Mkija siku moja, daktari ataona picha ya nyumba nzima, na aliye AS atajua mapema. Na mkifika, mtajeni marehemu: alianza kuumwa lini, macho yalikuwaje, tumbo lilivimba upande gani. Daktari ataandika. Habari zake zinaweza kumsaidia mdogo wake.